FIGO ZIKIUGUA, MOYO HAUSALIMIKI

Huenda umewahi kusikia maneno kama haya msibani: "Marehemu alikuwa anasumbuliwa na figo, lakini ajabu ni kwamba amekufa kwa moyo." Watu husema hivyo kwa mshangao, kana kwamba ugonjwa mmoja ulikuwa ukimla marehemu pole pole, halafu mwingine ukatokea pembeni ukamnyakua. Mara nyingine hapo ndipo huanza minong'ono ya kutafuta mchawi ni nani.

Waganga wa hospitali hawashangai. Wanajua kwamba wagonjwa wengi wenye ugonjwa sugu wa figo hawafiki hata kwenye hatua ya kusafishwa damu kwa mashine, kwa sababu hufariki kabla, kwa maradhi ya moyo au kwa kiharusi. Hata miongoni mwa wale wanaofika kwenye mashine, moyo ndio unaowaua wengi kuliko ugonjwa mwingine wowote. Kwa hiyo mwezi huu tujifunze jinsi viungo hivi viwili, vinavyokaa mbali mbali mwilini, vinavyotegemeana katika uzima na katika ugonjwa.

KAZI YA FIGO

Figo ziko mbili, kila moja ina ukubwa wa ngumi ya mtu mzima, na zimelala nyuma ya tumbo, huku na huku ya uti wa mgongo, chini ya mbavu. Kila figo ina uzito wa gramu 150 hivi. Ukiziweka zote mbili kwenye mizani hazifiki hata nusu kilo. Lakini tazama zinavyopendelewa: moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma damu kama lita 5 kila dakika, na katika hizo, zaidi ya lita 1 huenda moja kwa moja kwenye figo. Yaani viungo viwili vidogo namna hii hupokea sehemu moja kwa tano ya damu yote, na wakati mwingine hukaribia robo.

Kwa nini zipewe damu nyingi hivyo? Kwa sababu zinachuja. Ndani ya kila figo kuna vichujio vidogo sana visivyoonekana kwa macho, vipatavyo milioni moja. Kila kichujio ni fundo la vimishipa vyembamba vya damu. Kwa siku moja figo huchuja maji ya damu kama lita 180, ambayo ni zaidi ya mapipa matano ya lita 35, kisha hurudisha karibu yote mwilini na kuacha lita moja au mbili tu zitoke kama mkojo, pamoja na uchafu, chumvi iliyozidi na asidi.

Msomaji aliyesoma kwa makini atakuwa ameshaona jambo moja. Kama figo ni mafundo ya mishipa ya damu, basi chochote kinachoharibu mishipa ya damu kitaharibu figo. Na moyo nao unaishi kwa mishipa ya damu. Huo ndio mwanzo wa undugu wao.

Lakini figo hazichuji tu. Hupima presha ya damu na kuirekebisha. Hutengeneza homoni inayoamuru uboho wa mifupa uzalishe chembe nyekundu za damu. Huiandaa vitamini D iweze kufanya kazi, na hulinda kiasi cha madini ya kalisi, fosforasi na potasiamu katika damu. Mambo haya yote, kama tutakavyoona, moyo unayategemea.

MGANGA ALIYECHEMSHA MKOJO

Uhusiano huu haukugunduliwa jana. Katika hospitali ya Guy's mjini London alikuwako daktari aitwaye Richard Bright. Mwaka 1827 alichapisha kitabu kikubwa juu ya wagonjwa wake, na katika kitabu hicho alieleza watu waliokuwa wamevimba mwili. Njia yake ilikuwa rahisi ajabu: alichukua mkojo kidogo katika kijiko, akauchemsha juu ya mshumaa. Mkojo wa mtu mzima wa afya ulibaki kama ulivyo, lakini wa baadhi ya wagonjwa uliganda kama ute wa yai. Walipofariki, na maiti zao zikapasuliwa, figo zao zilionekana zimeharibika. Ule ute ulikuwa protini iliyovuja kutoka katika damu, kwa sababu vichujio vilikuwa vimetoboka.

Mwaka 1836 Bright aliandika tena, safari hii akitaja wagonjwa mia moja. Aliona kwamba wengi wao, pamoja na figo kuharibika, walikuwa na mioyo mikubwa yenye kuta nene isivyo kawaida, ingawa milango ya moyo ilikuwa salama. Akajiuliza kama damu yenye uchafu ilikuwa inaulazimisha moyo ufanye kazi kupita kiasi ili kuisukuma. Kumbuka kwamba wakati huo kifaa cha kupimia presha mkononi kilikuwa hakijabuniwa. Mtu huyu aliuona ugonjwa wa presha bila kuwa na chombo cha kuupima, kwa kijiko, mshumaa na kisu cha kupasulia maiti. Mimi humkumbuka kila ninapomwona mgonjwa anayekataa kutoa mkojo kwa kuona ni kipimo cha kizamani.

Baadaye, mwaka 1898, huko Stockholm, Tigerstedt na msaidizi wake Bergman walikamua maji kutoka katika figo za sungura, wakawadunga sungura wengine, na presha ya wale sungura ikapanda. Kitu walichokipata wakakiita renini. Na mwaka 1934 Goldblatt, huko Marekani, aliubana mshipa unaopeleka damu kwenye figo ya mbwa, na presha ya mbwa ikapanda. Tangu hapo haikuwezekana tena kusema kwamba presha ni mambo ya moyo peke yake.

FIGO ZINAVYOUUMIZA MOYO

Njia ya kwanza ni maji na chumvi. Figo zilizochoka haziwezi kutoa chumvi yote tunayokula. Chumvi ikibaki hubaki na maji, na maji hayo huongeza wingi wa damu ndani ya mishipa. Moyo ambao ulizoea kusukuma mzigo wa kawaida sasa unabebeshwa mzigo wa ziada mchana na usiku, bila mapumziko.

Njia ya pili ni ile renini. Figo ikiona haipati damu ya kutosha, au ikiwa na makovu, hudhani mwili mzima umepungukiwa damu. Hutoa renini, ambayo huanzisha mfululizo wa homoni za kubana mishipa na kuzuia chumvi isitoke. Presha hupanda. Presha iliyopanda huvipiga vichujio vilivyobaki na kuvitia makovu, navyo hutoa amri ile ile. Ni kama mbwa anayekimbiza mkia wake mwenyewe. Wakati huo huo ukuta wa moyo unanenepa kama msuli wa mtu abebaye magunia. Msuli mnene wa mkono ni sifa, lakini moyo mnene ni balaa: unakuwa mgumu, haujai damu vizuri, nao wenyewe unakosa damu ya kutosha kuulisha.

Njia ya tatu ni upungufu wa damu. Figo zikishindwa kutoa ile homoni ya kuamuru uboho, damu hupungua na mgonjwa huwa mweupe viganjani. Moyo hulazimika kupiga haraka zaidi ili damu hiyo chache itosheleze mwili wote. Familia nyingi hununua dawa za kuongeza damu kwa mwezi, miezi miwili, mitatu, bila mafanikio, na hakuna aliyefikiria kupima figo.

Njia ya nne haielezwi sana kwa wagonjwa, nami naona inastahili kuelezwa. Figo mbovu hushindwa kutoa fosforasi, na utaratibu wa kalisi unavurugika. Badala ya madini hayo kukaa kwenye mifupa, huanza kujijenga katika kuta za mishipa ya damu na hata katika milango ya moyo. Mshipa uliokuwa laini kama mpira unakuwa mgumu kama bomba. Ndiyo maana mgonjwa wa figo aliye bado kijana anaweza kuwa na mishipa inayofanana na ya mzee sana.

Njia ya tano ni ya ghafla. Potasiamu ikizidi katika damu huvuruga umeme unaoendesha mapigo ya moyo, na moyo unaweza kusimama bila dalili yoyote ya kutisha kutangulia. Mgonjwa amekula, ameongea na wanawe, amelala, hakuamka. Hiki ndicho kifo ambacho watu husema "hakueleweka".

NA MOYO NAO HULIPIZA

Tusidhani lawama ni ya figo peke yake. Moyo uliodhoofika husukuma damu kidogo, na figo, ambazo zilizoea kupewa zaidi ya lita moja kwa dakika, huanza kuona njaa. Zaidi ya hapo, damu iliyoshindwa kupita moyoni hurudi nyuma na kujazana katika vena, hata zile zitokazo kwenye figo, kama maji ya mtaro ulioziba mbele. Figo zinabanwa pande zote mbili: kule mbele hakuingii damu ya kutosha, na kule nyuma haitoki vizuri. Zinatoa renini, zinazuia chumvi, miguu inavimba, na moyo unaongezewa mzigo ambao ndio ulioushinda tangu mwanzo.

Halafu wako maadui wa wote wawili kwa pamoja: presha, kisukari, sigara na unene uliozidi. Kwa watoto wetu yako pia maumivu ya koo yanayoletwa na bakteria aina ya streptokoka. Koo hilo lisipotibiwa kwa penisilini, mtoto mmoja anaweza kupata homa ya baridi yabisi inayoharibu milango ya moyo, na mwingine akapata uvimbe wa vichujio vya figo, akaamka asubuhi uso umevimba na mkojo una rangi ya chai. Na mama aliyepata kifafa cha mimba, au presha kali katika ujauzito, hata kama alijifungua salama, abaki akipimwa presha na mkojo kila mwaka, kwa maana hatari ya moyo na figo kwake ni kubwa kuliko kwa mama mwingine.

Undugu huu umetambuliwa rasmi hivi kwamba mwaka 2023 chama cha wataalamu wa moyo cha Marekani kiliamua kuyaweka magonjwa ya moyo, ya figo, pamoja na kisukari na unene, chini ya jina moja, ili mgonjwa asitazamwe kama vipande vipande.

MFANO WA DEREVA

Tumchukue mtu wa mfano. Ni baba wa miaka 48, dereva wa lori la mizigo kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma, mwenye watoto wanne. Miaka sita iliyopita alipimwa presha katika zahanati, ikawa 170 kwa 110. Akapewa vidonge vya mwezi mmoja. Vilipokwisha alijisikia mzima kabisa, akaona hakuna haja ya kupanga foleni tena. Kwa safari ndefu mgongo ulimuuma, naye alinunua diklofenaki dukani, akimeza kidonge asubuhi na kingine jioni, miaka nenda miaka rudi. Njiani alikula chipsi, nyama choma, na chumvi mkononi.

Mwaka jana miguu ilianza kuvimba jioni. Kisha akawa hawezi kulala bila kuinuliwa kwa mito mitatu, akikohoa usiku. Hospitali wakapiga picha ya kifua, wakamwambia moyo umepanuka. Akapewa dawa za moyo, akapata nafuu. Miezi michache baadaye akaanza kutapika na kuwashwa mwili, wakapima damu, wakamwambia figo zimebaki na nguvu kidogo. Yule baba akauliza swali ambalo wengi wangeuliza: "Sasa mimi ninaumwa moyo au ninaumwa figo?"

Jibu ni kwamba anaumwa vyote viwili, na chanzo ni kimoja. Presha isiyotibiwa ilivinyonga vichujio kidogo kidogo kwa miaka sita bila maumivu yoyote, kwa kuwa ndani ya figo hakuna kengele ya kulia mapema. Diklofenaki ilizidisha, kwa sababu dawa za jamii hiyo, pamoja na ibuprofeni na indomethasini, hupunguza damu inayoingia kwenye vichujio na huzuia chumvi isitoke, hata presha ikapanda. Figo nazo zikaurudishia moyo mzigo. Lau angepimwa mkojo siku ile ile ya presha 170, huenda protini ingeonekana, na lau asingeacha vidonge, leo angekuwa barabarani. Sasa mkewe anauza shamba ili apate nauli na fedha za matibabu. Simsemi vibaya dereva huyu. Nani alimweleza kwamba vidonge vya presha si kama vya malaria, ambavyo humeza siku tatu ukamaliza?

UKUBWA WA TATIZO

Mwaka 2004 ulitolewa utafiti wa watu zaidi ya milioni moja huko California. Figo hupimwa kwa kasi ya uchujaji: mtu mzima mwenye afya huchuja mililita 90 au zaidi kwa dakika, na aliyeshuka chini ya 60 kwa miezi mitatu au zaidi huhesabiwa kuwa na ugonjwa sugu. Utafiti ule ulionyesha kwamba waliokuwa kati ya 30 na 44 walipatwa na matukio ya moyo na mishipa mara mbili kuliko wenye figo nzima, na walioshuka chini ya 15 zaidi ya mara tatu. Hatari inapanda ngazi kwa ngazi, tena inaanza mapema, wakati mtu bado analima na kucheza mpira.

Tusiseme kwamba hayo ni ya Wazungu. Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa nyumba kwa nyumba mkoani Kilimanjaro. Watu wazima 7 katika kila 100 walikutwa na ugonjwa sugu wa figo. Mjini walikuwa 15 katika 100, vijijini 2. Katika hao wagonjwa, aliyejua kwamba anaumwa alikuwa kama mmoja tu kati ya kumi. Na karibu nusu yao hawakuwa na presha, wala kisukari, wala virusi vya UKIMWI. Hii ina maana kwamba kusubiri mpaka uwe na presha ndipo upimwe figo, si busara.

VIPIMO NA DAWA

Vipimo vya kuanzia ni vitatu, tena havina maumivu makubwa. Kwanza presha, iliyopimwa ukiwa umekaa na kutulia dakika tano. Pili mkojo, kwa kuchovya kijiti chenye rangi kinachoonyesha protini na damu. Hiki ndicho kijiko cha Bright katika sura mpya. Tatu damu, kutafuta kiasi cha kriatinini. Juu ya kriatinini nakuomba ukumbuke jambo moja: inaweza kuonekana ya kawaida hadi figo zipoteze karibu nusu ya nguvu zake. Kwa hiyo jibu la "damu yako nzuri" bila mkojo kupimwa ni nusu ya jibu.

Dalili za kumpeleka mgonjwa hospitali bila kuchelewa ni uso kuvimba asubuhi, miguu kuvimba jioni, mkojo wenye povu lisiloisha haraka, kuamka mara nyingi usiku kukojoa, kuchoka bila sababu, na kukosa pumzi ukilala chali. Ila nasisitiza kwamba wengi hawana dalili hata moja mpaka hali iwe mbaya.

Katika dawa, habari ni njema kuliko zilivyokuwa. Wanasayansi walichunguza sumu ya nyoka mmoja wa Brazil, na kutokana nayo ikapatikana kaptoprili, iliyoruhusiwa kutumika Marekani mwaka 1981. Dawa hiyo na ndugu zake, kama enalaprili, huukata ule mfululizo wa homoni unaoanzishwa na renini. Losatani hufanya kazi inayofanana. Mwaka 1993 ilithibitishwa kwamba kaptoprili huchelewesha kufa kwa figo za wenye kisukari, mbali na kushusha presha. Ni dawa moja inayolinda figo na moyo kwa pamoja. Mgonjwa anayeanza dawa hizi arudi kupimwa kriatinini na potasiamu baada ya wiki chache. Kriatinini ikipanda kidogo mwanzoni si sababu ya kuzikimbia. Daktari ndiye aamue. Wengine hupata kikohozi kikavu kwa enalaprili, nao hubadilishiwa. Mama mjamzito asizitumie kabisa, kwa maana humdhuru mtoto tumboni.

Miaka ya karibuni zimekuja dawa zilizotengenezwa kwa ajili ya kisukari, kama empagliflozini na dapagliflozini, ambazo hutoa sukari kwa njia ya mkojo. Kati ya mwaka 2015 na 2020 ilionekana kwamba hupunguza kulazwa kwa sababu ya moyo kushindwa kazi, na huchelewesha figo kuharibika, hata kwa baadhi ya watu wasio na kisukari. Bado ni ghali kwa familia nyingi. Muulize daktari, lakini usiache enalaprili yako ya bei nafuu ukingojea ya bei kubwa.

Zikishindwa figo kabisa, hubaki kusafishwa damu kwa mashine, kwa kawaida mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara, au kupandikizwa figo. Hapa Tanzania upandikizaji wa kwanza ulifanyika Muhimbili mwezi Novemba 2017, na mwaka 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata. Ni hatua kubwa. Lakini anayetakiwa kupandikizwa hupimwa moyo kwanza, na moyo ukiwa umekwisha kuharibika, mlango huo unaweza kufungwa.

JIKONI NA DUKANI

Chumvi kwa mtu mzima isizidi gramu 5 kwa siku, ambayo ni kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa na ile iliyomo ndani ya vyakula. Akina mama watanisamehe nikitaja magadi. Wengi waliokatazwa chumvi huendelea kupikia maharage, makande au mlenda kwa magadi, wakiamini si chumvi. Magadi yamejaa sodiamu, ile ile inayodhuru katika chumvi. Vivyo hivyo ng'onda, dagaa waliokaushwa kwa chumvi, na vile vipande vya kuungia mchuzi. Maharage yalowekwe usiku kucha, yataiva bila magadi.

Iko pia chumvi inayouzwa kama "chumvi ya wagonjwa wa presha". Nyingi ya hizo zina potasiamu mahali pa sodiamu. Mwenye presha tu na figo nzima huenda ikamfaa, lakini kwa mwenye figo mbovu inaweza kuwa sumu kwa moyo, kwa sababu tuliyoieleza.

Kwa maumivu ya mgongo na viungo, parasetamoli kwa kipimo chake ni salama zaidi kuliko diklofenaki. Kuwa mwangalifu zaidi kama unatumia enalaprili au losatani pamoja na vidonge vya kukojosha. Ukiongeza diklofenaki juu ya hizo mbili, figo zinaweza kusimama kwa siku chache tu, hasa ukiwa unaharisha au umetapika. Mwambie muuza dawa unameza nini.

Juu ya dawa za mizizi, sisemi kila mti ni sumu. Lakini mapema miaka ya 1990, mjini Brussels, Ubelgiji, wanawake waliokuwa wakinywa vidonge vya kupunguza unene vyenye mizizi ya Kichina waliharibika figo mmoja baada ya mwingine. Mwaka 1993 madaktari walitangaza habari hiyo, na mmea aina ya aristolokia ukatambuliwa kuwa ndio chanzo. Walikuwa na maabara na hospitali kubwa mlangoni, na bado walichelewa. Anayekuuzia chupa ya "kusafisha figo" mnadani, mwulize kuna nini ndani.

WASOMAJI HUULIZA

Je, kunywa maji mengi hutibu figo? Kwa mtu mzima wa afya, hasa anayefanya kazi juani, maji ya kutosha ni mazuri. Lakini mgonjwa aliyevimba, au ambaye moyo umeshindwa kazi, akilazimishwa lita nyingi atazama katika maji yake mwenyewe. Huyo hupangiwa kiasi na daktari, na njia rahisi ya kumfuatilia ni kumpima uzito kila asubuhi. Ukipanda kilo mbili kwa siku mbili tatu, hayo ni maji, si unene.

Je, madafu na ndizi mbivu vinafaa? Kwa mwenye figo nzima, vinafaa sana. Kwa yule ambaye potasiamu yake imepanda, madafu, ndizi, machungwa na mchicha hupunguzwa, na viazi humenywa, hukatwa vipande vidogo, huchemshwa kwa maji mengi, na maji yale humwagwa. Usimkataze mgonjwa vyakula hivi kabla ya kipimo cha damu, maana wapo wanaokondeshwa bure.

Je, mgonjwa afunge wakati wa Kwaresima? Mgonjwa hafungwi na sheria ya kufunga. Anayemeza dawa za kisukari, presha au za kukojosha asikae bila chakula na maji kwa kujaribu nguvu zake.

Baba yetu amegundulika na ugonjwa wa figo, sisi watoto tufanye nini? Nendeni wote mkapimwe presha, sukari na mkojo, hata aliye kijana na asiyeumwa chochote. Mkojo wa asubuhi ndio mzuri, katika chupa safi, kavu, isiyokuwa na mabaki ya dawa wala juisi. Mama asipeleke wakati wa hedhi, damu hiyo itapotosha majibu. Protini ikionekana mara moja usishtuke, kwani homa au kazi nzito huweza kuileta. Rudia baada ya wiki mbili. Ikionekana tena, omba kupimwa kriatinini, na uandike majibu yote katika daftari moja, pamoja na tarehe, ili daktari wa moyo na daktari wa figo wasome ukurasa mmoja.